Dokumentari ya watu kuzuiwa kupiga kura Marekani: nani anaeleza, nani analia tu?

mkasi_wa_video:

Wakuu heshima kwenu, naomba mawazo yenu hasa mliowahi kufanya kazi za filamu au mnaofuatilia siasa za Marekani kwa karibu.

Mi ni msaidizi wa edita kwenye dokumentari inayohusu jinsi watu wanavyozuiwa kupiga kura Marekani, kuanzia enzi za kodi ya kichwa (ulipe kwanza ndo upige kura) na mitihani ya kusoma mpaka haya mambo yaliyokuja baada ya 2013, pale Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Shelby County dhidi ya Holder kwa kura 5 kwa 4 na majimbo yenye historia mbaya yakaacha kulazimika kuomba ruhusa Washington kabla ya kubadilisha taratibu zao za uchaguzi. Rasimu ya kwanza tumeshaikata, tuko kwenye hatua ya kuangalia nini kitoke nini kibaki, na dairekta kaniambia nipitie suala la uwakilishi, yaani kama wanaohusika wote wameonekana.

Ukihesabu sura hatuna tatizo. Weusi wapo wengi tu, wanawake wapo, kuna Walatino, kuna kijana wa chuo. Lakini nimeiangalia tena nikiwa nimezima sauti, nikaona kitu ambacho kinanikera mpaka sasa. Wanaoeleza sheria ni mawakili na maprofesa, wamekaa ofisini nyuma yao makabati ya vitabu, wengi wao wanaume wa kizungu, na chini yao linatokea jina kamili, cheo na chuo wanachofundisha. Halafu wale wanaosema walifika kituoni wakaambiwa majina yao hayamo kwenye daftari, hao wamekaa kwenye kochi au wamesimama barabarani, na chini imeandikwa "mpiga kura, Georgia". Basi. Kuna bibi mmoja ambaye kaandikisha watu kanisani kwao karibu maisha yake yote, tunamwonyesha sekunde chache akijifuta machozi, tunakata, anaingia profesa kutueleza yule bibi kapatwa na nini.

Na bibi alieleza mwenyewe! Futeji ipo. Kaeleza karani wa kaunti anavyofanya kazi, fomu ipi inarudishwa na kwa sababu gani, nani anapigiwa simu na nani hapigiwi. Iliachwa kwa sababu ilionekana ndefu.

Sasa naombeni mnisaidie mambo mawili. Kwanza, hivi hili ni tatizo kweli au ndo dokumentari zote zilivyo? Pili, kwenye mada hii ya kura Marekani ni akina nani ambao huwa wanasahaulika kabisa, maana nahisi tuna mapengo ambayo mi mwenyewe siyaoni.

mwalimu_wa_historia:

Ni tatizo, tena la siku nyingi, na huyo bibi yako kanikumbusha Amelia Boynton.

Wengi tumeiona ile picha ya Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965, mama kalala chini hana fahamu baada ya polisi wa jimbo kuwashambulia waandamanaji daraja la Edmund Pettus. Ilizunguka dunia nzima. Ukimuuliza mtu aliyeiona atakwambia ni mama aliyepigwa. Sasa huyo mama alikuwa anaandikisha watu Selma tangu miaka ya 1930, yeye na mumewe Samuel, wakati ambao mtu Mweusi kuandikishwa pale ilikuwa kazi ya kufa na kupona. Mwaka 1964 aligombea ubunge wa Kongresi kutoka Alabama. Ofisi yake ndo watu walikuwa wanakutania kupanga mambo, na ni miongoni mwa waliomwita Martin Luther King aje Selma. Kwa hiyo yule ni mpangaji wa mapambano, ni mtaalamu, ila kwa kamera amebaki kuwa mwili uliolala barabarani. Aliishi mpaka 2015, na mwaka huo huo alikuwepo pale pale darajani kwenye kumbukumbu ya miaka 50, kwenye kitimwendo, Rais Obama kamshika mkono. Miaka yote hiyo alikuwepo wa kuulizwa.

Mwingine ni Fannie Lou Hamer wa Mississippi. Agosti 1962 alienda Indianola kujiandikisha akapewa mtihani wa kutafsiri kifungu cha katiba ya jimbo, akafelishwa, na siku hiyo hiyo akafukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18. Juni 1963 akapigwa jela Winona mpaka akabaki na madhara maisha yake yote. Agosti 1964 akapanda mbele ya kamati ya chama cha Democratic kule Atlantic City akaeleza yote hayo bila karatasi, na Rais Johnson akaitisha mkutano na waandishi wa habari ghafla ili televisheni zimwache yule mama zimfuate yeye. Zikamfuata kweli. Jioni zikarudisha ushahidi wa Hamer ukaonekana na watu wengi kuliko mwanzo. Ukitaka kumweleza dairekta wako kwa nini kumkata mtu anayeeleza si jambo dogo, mpe hilo, maana kule rais mzima alijua kwamba hatari ni yule mama kueleza kwa mdomo wake.

Halafu kuna hii sehemu ambayo filamu nyingi zinaruka kwa sababu haina vurugu. Septima Clark, mwalimu wa South Carolina, alifukuzwa kazi 1956 kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, akaenda kujenga shule za uraia. Darasa la kwanza lilianza Januari 1957 kisiwa cha Johns Island, kwenye chumba cha nyuma cha duka la ushirika ili wazungu wasishtuke, na aliyefundisha ni Bernice Robinson, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele. Walimchagua kwa makusudi maana hakuwa na mazoea ya kuwaona watu wazima kama watoto, akawauliza wao wanataka kujifunza nini. Watu wakaanza kwa kuandika majina yao wenyewe, kujaza fomu ya kununulia vitu kwa posta, kisha katiba ya jimbo. Hiyo ndiyo elimu iliyoenea Kusini yote baadaye. Wanawake, karibu wote wanawake. Umesema wanawake mnao, sawa, ila wanafanya nini kwenye filamu yenu?

mfuatilia_kesi:

Naongezea kwenye swali la pili maana la kwanza mwalimu kalimaliza.

Kwenye orodha yako sijaona wenyeji wa asili wa Marekani, hata mmoja. Hawa ndo wanasahaulika kuliko wote na historia yao kwenye kura ni ya kipekee. Uraia walipewa kwa sheria ya 1924, yaani watu wenye ardhi ndo wa mwisho kuitwa raia, na hata baada ya hapo majimbo yakaendelea kuwakatalia kwa visingizio vya kila aina. Arizona na New Mexico mpaka 1948 ndo mahakama zikaamua wapige. New Mexico aliyeshtaki ni Miguel Trujillo wa Isleta Pueblo, mwalimu, alikuwa mwanajeshi wa Marines vita vya pili vya dunia, karudi nyumbani kaenda kujiandikisha kakataliwa. Utah ilifuta kizuizi chake 1957.

Sasa njoo miaka ya karibuni. North Dakota iliweka sheria kwamba kitambulisho cha mpiga kura lazima kionyeshe anwani ya makazi yenye jina la mtaa na namba ya nyumba. Ukiisoma haraka haraka haina ubaya wowote. Ila kwenye maeneo ya makabila kama Standing Rock, Spirit Lake na Turtle Mountain nyumba nyingi hazina anwani ya namna hiyo, barabara haina jina, barua watu wanapokea kwa sanduku la posta, na sanduku la posta lilikuwa halikubaliki. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikakataa kuizuia, wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Viongozi wa makabila wakaanza kugawa vitambulisho vipya bure usiku na mchana, Turtle Mountain mashine ya kuchapia ikapata joto kupita kiasi kwa kufanya kazi mfululizo. Hiyo mashine tu ni kipande cha filamu tosha.

Kwa hiyo mi nakushauri msikate filamu kwa makundi, yaani dakika tano za Weusi, dakika tano za Walatino, dakika tano za wenyeji, hapo kila kundi linakuwa mgeni anayepita kusalimia. Chukueni chombo kimoja kinachotumika kuzuia watu, mkifuate kinaangukia wapi. Anwani, kwa mfano. Inamkamata mtu wa kabila la Lakota kule Standing Rock, inamkamata mtu asiye na makazi, inamkamata mwanafunzi anayelala bweni. Pale Prairie View, chuo cha Weusi Texas, msajili wa kaunti ya Waller alikuwa anawapa wanafunzi dodoso la kuthibitisha kama kweli ni wakazi, maswali ambayo mtu mwingine haulizwi, ikaenda mpaka Mahakama ya Juu 1979 wanafunzi wakashinda. Au chukueni kitambulisho. Sheria ya Texas ya 2011 ilikubali leseni ya kubeba bastola ila kitambulisho cha chuo ikakikataa.

Au umbali. Dodge City, Kansas, mji ambao Walatino ni wengi kuliko wengine, wengi wanafanya kazi viwanda vya nyama, ulikuwa na kituo kimoja tu cha kupigia kura kwa wapiga kura karibu 13,000. 2018 hicho kimoja kikahamishiwa nje ya mji, mbali na kituo cha basi. Mtu anayetoka zamu ya kiwandani hana gari afike vipi? Ukifuata chombo, watu wanakutana wenyewe ndani ya filamu na mtazamaji anaona mkono ni ule ule.

sauti_ya_kusini:

Mkuu mfuatilia_kesi nakuheshimu na mengi uliyosema ni kweli ila hapa pa kufuata chombo nina wasiwasi na nitasema wazi.

Kuna namna ya kutaka kila mtu aonekane mpaka ukweli unapotea. Hivi vyombo havikutengenezwa vikaanguka popote kama mvua. Vilitengenezwa kwa ajili ya watu Weusi. Katiba ya Mississippi ya 1890, waliokaa kuiandika walisema hadharani lengo lao, wakachagua hata orodha ya makosa ya jinai yanayomwondolea mtu kura kwa kufuata yale waliyoamini Weusi ndo wanayafanya, na sehemu kubwa ya orodha ile ipo mpaka leo. Kabla ya sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 Weusi wa Mississippi walioandikishwa walikuwa 6.7% tu, 1967 wakawa karibu 60%. Kwa miaka miwili! Hiyo inakuonyesha kilichokuwa kinawazuia ni nini, maana tulikuwa tunaambiwa eti hawajali kura.

Na msiseme hayo ni ya zamani. North Carolina 2013 bunge la jimbo liliomba takwimu za nani anapiga kura kwa njia gani kwa kufuata rangi, lilipozipata likapunguza siku za kura ya mapema, likafuta kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura, na kwenye vitambulisho likaviondoa vile ambavyo Weusi ndo wanavyo zaidi. Mahakama ya rufaa ya shirikisho 2016 ikavitupa vifungu hivyo, ikasema viliwalenga Weusi kwa usahihi unaokaribia wa daktari wa upasuaji. Majaji ndo wamesema.

Sasa ukija na filamu ya "anwani inamkamata kila mtu" unamwambia mtazamaji kwamba ni urasimu, ni bahati mbaya, ni fomu mbaya. Wekeni wenyeji wa asili, wekeni Walatino, wana haki yao na maumivu yao si ya kukopa kwa mtu. Ila uti wa mgongo wa hadithi usiondolewe ili filamu ionekane pana. Nimeshaona filamu ambazo Weusi wanakuwa dakika 20 za mwanzo za picha nyeusi na nyeupe, halafu miaka ya leo ikifika wanabadilishiwa watu wengine.

mfuatilia_kesi:

Umenena na sipingi, hasa hapo pa takwimu za North Carolina. Kufuata chombo inabidi kuanze na nani alikitengeneza na kwa ajili ya nani, bila hivyo ni kweli inakuwa hadithi ya fomu. Hata kodi ya kichwa iko hivyo. Alabama 1901 waliweka dola 1.50 kwa mwaka, usipolipa inajilimbikiza mpaka dola 36, lengo lilikuwa Weusi lakini wazungu maskini wengi mno wakapotea pia kwenye daftari, na waliotunga waliona hiyo hasara inabebeka. Hilo mi nadhani linaipa nguvu hoja yako kuliko kuipunguza.

kitimwendo_mbele:

Nimesubiri mtu aseme watu wenye ulemavu nikaona mnaelekea kumaliza. Kitimwendo kimetajwa mara moja tu humu na ni cha Amelia Boynton.

Mi natumia kitimwendo na hili si jambo la pembeni. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilikagua vituo 178 kwenye uchaguzi wa 2016, ikakuta 60% vina kizuizi kimoja au zaidi kuanzia maegesho mpaka pale pa kupigia kura. Ngazi bila njia ya mteremko, mlango mzito, kokoto. Wakati sheria ya haki za watu wenye ulemavu ipo tangu 1990 na ya 2002 inataka kila kituo kiwe na angalau mashine moja ambayo mtu asiyeona anaweza kupigia kura mwenyewe kwa siri. Na kuna wale ambao jaji akishawawekea msimamizi wa mambo yao, kwenye majimbo mengi wanaweza kupoteza kura, hao huwa hata hawahesabiwi kama walizuiwa.

Lakini kitu ninachotaka mkiweke kwenye filamu ni Randolph County, Georgia, Agosti 2018. Kaunti ya kijijini, wakazi wengi Weusi, wengi wazee, usafiri wa umma hamna. Likaletwa pendekezo la kufunga vituo 7 kati ya 9 miezi michache kabla ya uchaguzi wa gavana. Sababu waliyotoa? Eti majengo hayafai kwa watu wenye ulemavu. Yaani badala ya kujenga njia ya mteremko kwa mbao, unafunga kituo, na mtu wa kitimwendo ambaye alikuwa anasukumwa mita mia sasa aende maili 10 na zaidi. Wenyeji wakaja juu, habari zikafika nchi nzima, na bodi ya uchaguzi ikalikataa pendekezo kwenye kikao ambacho hakikufika hata dakika moja.

Hapo Mweusi na mlemavu wamepigwa kwa jiwe moja, na mara nyingi ni mtu yule yule mmoja. Sasa kwenye filamu nyingi ukitafuta watu wenye ulemavu utawakuta wamewekwa kama kundi la mwisho, mzungu mmoja kwenye kitimwendo dakika mbili na muziki wa huzuni. Tafuteni mama Mweusi wa pale Randolph anayetembelea magongo mumuulize ile siku bodi inakaa yeye alikuwa anafikiria nini kuhusu jina lake kutumika kama sababu ya kufunga kituo chake. Na mumpe muda. Msikate.

Jingine dogo la kiufundi, mkimaliza wekeni maelezo ya sauti kwa wasioona na maandishi kwa viziwi tangu siku ya kwanza ya kuonyesha, sio baada ya miezi sita.

taa_na_kivuli:

Salaam wote, mi ni mpigapicha, nitaongea ya kamera tu.

Mleta mada kasema aliangalia bila sauti. Sasa rudi uangalie mwanga. Mara nyingi profesa kapigwa taa tatu ofisini, ngozi inang'aa vizuri, na mpiga kura Mweusi kapigwa nje mchana na mpangilio ule ule wa kamera uliotumika kwa mzungu, uso unazama, macho hayaonekani. Mtazamaji hajui kwa nini ila moyo wake unamwamini zaidi yule anayeonekana vizuri. Hilo sehemu fulani linarekebishika kwenye rangi, zungumza mapema na yule anayerekebisha rangi za video. Na ile "mpiga kura, Georgia" mbadilishe hata leo, haigharimu kitu. Muulizeni bibi mwenyewe anataka aandikweje. Kama kaandikisha watu maisha yake yote basi ni "mratibu wa uandikishaji" na jina lake kamili, kama ameridhia jina litoke. Kuna watu hawataki jina litoke kwa sababu za usalama na hiyo nayo ni heshima.

Anayeongea Kihispania au lugha ya kabila lake msimfunike sauti kwa sauti ya mtu mwingine. Wekeni maandishi chini, sauti yake isikike. Tangu 1975 sheria ya kura ya Marekani inazitaka baadhi ya kaunti zitoe msaada kwa wanaoongea Kihispania, lugha za Kiasia na lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, na kesi nyingi zimefunguliwa kwa sababu hazifanyi hivyo, sasa itakuwa ajabu filamu ya kutetea hao watu nayo iwafunike sauti.

La mwisho ndilo linanisumbua zaidi na sijaona mtu kaligusa. Waliowahi kufungwa. Kila dokumentari ya mada hii inapenda muathirika msafi: bibi wa kanisani, mwanajeshi mstaafu, mwanafunzi. Florida 2018 wananchi walipitisha kwa zaidi ya 64% marekebisho ya katiba ya jimbo kurudisha kura kwa waliomaliza vifungo, ilikadiriwa ni watu milioni 1.4. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaongeza kwamba lazima kwanza ulipe faini na gharama zote za mahakama, na hakukuwa na sehemu moja ya kwenda kujua unadaiwa kiasi gani. Mahakama ya rufaa ikaiacha sheria hiyo isimame, 6 kwa 4, Septemba 2020. Agosti 2022 wakakamatwa watu 20, gavana akatangaza mbele ya kamera. Hao walikuwa na makosa ya mauaji au ya ngono, makundi ambayo yale marekebisho hayakuyarudishia kura, lakini wengi walikuwa wamepewa kadi za mpiga kura na serikali yenyewe. Video za kamera za polisi zilitoka baadaye, unamwona mtu kasimama nje kwake anauliza kwani nimefanya nini, na hata askari wengine wanaonekana kushangaa.

Mtawaweka hao? Mi nasema wekeni, na msifiche kosa lao la zamani. Kama haki ya kura ni ya watu wema tu basi filamu inakubaliana na wale iliokuja kuwapinga. Maine na Vermont mtu anapiga kura akiwa ndani ya gereza, hajawahi kunyang'anywa, nendeni mkapige picha kule. Ila zile video za polisi msizitumie bila kumtafuta mhusika mwenyewe aseme, maana pale mtu kapigwa picha bila ridhaa siku mbaya kuliko zote za maisha yake.

mkasi_wa_video:

Jamani nawashukuru sana, nimesoma yote na nimekaa na dairekta.

Bibi anarudi, na maelezo yake yote kuhusu karani yanakaa pale alipokuwa profesa. Profesa anabaki sehemu moja tu, kuthibitisha tarehe na hukumu, na maandishi ya majina yatakuwa ya ukubwa mmoja na mpangilio mmoja kwa kila mtu. Hoja ya sauti_ya_kusini imechukuliwa kama ilivyo: North Carolina inahamia mwanzo wa sehemu ya pili, ile habari ya kuomba takwimu ikae mbele kabla ya anwani, kabla ya umbali, kabla ya chochote, ili mtazamaji ajue kwanza kulikuwa na nia. Kisha ndo Dodge City na Randolph. Selma tunabadilisha picha, tunaanza na Boynton akiwa ofisini kwake, daraja linakuja baada ya hapo.

Waliofungwa bado tunabishana. Produsa anaogopa. Mi nimesimama upande wa taa_na_kivuli na nitaendelea kusema.

Kuhusu North Dakota tunataka kwenda kupiga wenyewe, na tumekubaliana kwamba atakayeshika kamera na atakayeuliza maswali wawe watu wa kule kule, majina yao yawe juu kwenye orodha ya waliotengeneza na walipwe kama sisi. Kama kuna anayejua taratibu za kuomba ruhusa kwa baraza la kabila kabla ya kupiga picha eneo lao naomba anielekeze.

mfuatilia_kesi:

Kila kabila lina utaratibu wake, kwa hiyo usitumie barua moja kwa wote. Andikia ofisi ya baraza la kabila husika kwanza kabla hujamtafuta mtu binafsi, eleza mnapiga nini, futeji itabaki kwa nani na wao watapata nakala gani, na uwe tayari kuambiwa msubiri kikao au msipige baadhi ya sehemu.

Na mkifika kwenye ile kesi ya anwani ya North Dakota msiishie 2018. Iliisha 2020 kwa makubaliano, na sasa asiye na anwani anaweza kuonyesha kwenye ramani mahali anapoishi na kura yake ikahesabiwa. Tafuteni mzee mmoja wa pale akae na ile ramani mbele ya kamera aonyeshe nyumba yake iko wapi, aeleze na njia ya kufika.